Kutoka kofia hadi sahani: namna ya kuufanyia uyoga chaza utafiti wako wa kwanza

Pasua uyoga chaza mbichi kwa vidole, usiutie kisu, kuanzia ukingo wa kofia mpaka kwenye shina. Nyama utakayoiona pale katikati ni nyeupe, na haijawahi kukutana na vumbi wala mkono wa mtu. Kipande cha hapo chenye ukubwa wa punje ya mchele, ukikilaza juu ya agari safi (jeli ya kuoteshea), baada ya siku mbili au tatu kitaanza kutoa manyoya meupe pande zote. Manyoya hayo ni nyuzi za miseliamu. Uyoga tunaoula ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni hizo nyuzi, na tafiti nyingi juu ya uyoga huu huanzia kwenye kipande kama hicho.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi anayetafuta mradi wa sayansi, mkulima anayetaka kujua mbegu yake ya uyoga ina nguvu kiasi gani, na yeyote mwenye subira ya wiki kadhaa. Utakufikisha kwenye mambo mawili: kasi ya ukuaji wa miseliamu kwa milimita kwa siku, na jibu la swali kama uyoga wako unavunja rangi ya viwandani au la. Kuotesha ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Ugumu uko kwenye kidhibiti, yaani sahani ya kulinganishia, ile ambayo wanaoanza huiruka kwa sababu inaonekana haina kitu. Nitairudia mara nyingi, kwa makusudi.

Kwa nini chaza

Jina la kisayansi ni Pleurotus ostreatus. Nikolaus Joseph von Jacquin aliueleza uyoga huu mwaka 1775, na mwaka 1871 Paul Kummer akauhamishia katika jenasi ya Pleurotus. Neno ostreatus linatokana na chaza wa baharini, kwa ajili ya umbo la kofia. Wakulima wengi wanauita mamama.

Watafiti wanaupenda kwa tabia zake. Unakua upesi, hauchagui chakula, na unavumilia makosa ya mtu anayejifunza. Porini unaishi juu ya miti iliyokufa au inayokaribia kufa, ukila lignini, ile gundi inayofanya ubao uwe mgumu. Viumbe vinavyoweza kuvunja lignini ni vichache. Chaza anafanya hivyo kwa kutoa vimeng'enya nje ya nyuzi zake: lakase, na peroksidesi za aina mbalimbali zikiwemo zile zinazotumia manganizi. Vimeng'enya hivi si wachaguzi. Vikikutana na kemikali nyingine yenye pete za kaboni zinazofanana na zile za lignini, vinaishambulia nayo. Ndiyo maana uyoga huu umejaribiwa juu ya rangi za nguo, mabaki ya mafuta na viuatilifu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi sijalizoea hadi leo. Mwaka 1984 Greg Thorn na George Barron wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, waliandika katika jarida la Science kwamba uyoga chaza ni mla nyama. Mbao zina kaboni tele lakini nitrojeni haba. Uyoga hujazia upungufu huo kwa kuwapoozesha minyoo wadogo, nematodi, wanaopita juu ya nyuzi zake. Kisha nyuzi huwaingia mwilini na kuwameng'enya. Silaha yenyewe ilichukua karibu miaka 40 kujulikana. Mwaka 2023 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba juu ya nyuzi kuna vijifuko vya mviringo vyenye kijishina, vimejaa kemikali iitwayo 3-oktanoni, navyo hupasuka mnyoo akivigusa. Uyoga ule ule unaokaangwa na kitunguu!

Kabla ya kuwasha moto

Usiokote uyoga wa porini kwa kazi hii kama huna mtu anayeujua vizuri. Uyoga wa jenasi ya Omphalotus hufanana na chaza kwa macho ya haraka, na una sumu. Pleurocybella porrigens ni mweupe, huota kwenye magogo, na ulikuwa ukiliwa miaka mingi nchini Japani mpaka mwaka 2004, ulipohusishwa na vifo vya zaidi ya watu kumi, wengi wao wakiwa wagonjwa wa figo. Chukua uyoga wa mkulima unayemfahamu, uliochumwa siku hiyo hiyo au jana yake, kofia ikiwa bado imejikunja kidogo ukingoni.

Jambo la pili ni mapafu. Chaza aliyekomaa humwaga spora (chembe zake za uzazi, laini kama vumbi) nyingi mno, kiasi cha kuonekana kama moshi mwepesi kwenye mwanga wa pembeni, na watu wanaozivuta kila siku kwenye vyumba vya kilimo hupata ugonjwa wa mapafu unaotokana na mzio. Vaa barakoa unapofanya kazi na kofia zilizofunguka, na fungua dirisha ukimaliza.

La tatu: chochote kilichooteshwa kwa ajili ya jaribio hakiliwi. Uyoga hunyonya metali kama kadimiamu kutoka kwenye kitu unachoota juu yake, na kwa macho huwezi kujua.

Vifaa si vingi. Sahani za petri (bapa, zenye kifuniko) za sentimita 9, agari ya unga, sufuria ya presha, kisu cha upasuaji chenye wembe wa kubadilisha, kibanio, taa ya spiriti, spiriti ya asilimia 70, mkanda wa kuzibia sahani, rula, kalamu ya wino usiofutika, na daftari lenye kurasa zilizoshonwa ili zisichanike. Hadubini utaihitaji mwishoni. Ukikosa chumba maalumu, chukua kontena kubwa la plastiki linalopitisha mwanga, lilaze kifudifudi juu ya meza, utoboe matundu mawili ya kupitisha mikono. Hewa ikitulia ndani yake, vumbi nalo hutulia. Ila moto usiingie ndani ya kontena hilo hata kidogo. Mvuke wa spiriti ukijaa humo na taa ikiwaka, utaungua mikono na uso. Ukitumia kontena, pasha kisu nje, kisha ukiingize.

Hatua ya 1: Kupika agari

Tunamshukuru Fanny Angelina Hesse kwa agari. Mwaka 1881 mume wake, Walther, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch, mtaalamu wa bakteria, na jelatini waliyokuwa wakioteshea bakteria iliyeyuka kila joto lilipopanda. Angelina alikuwa akitumia agari jikoni, akapendekeza waijaribu. Ubora wake ni kwamba huyeyuka karibu na nyuzijoto 85 lakini ikishapoa na kuganda hairudi kuwa maji kwenye joto la kawaida la kuoteshea.

Kwa lita moja, changanya gramu 20 za unga wa kimea na gramu 20 za agari katika maji. Kuna pia njia ya viazi: chemsha gramu 200 za viazi mviringo vilivyomenywa kwa nusu saa, chuja, ongeza maji yafike lita moja, tia gramu 20 za glukosi na gramu 15 hadi 20 za agari. Uyoga unapenda zote mbili. Ila kwa vipimo mimi nashauri kimea, kwa sababu viazi vya leo si vya wiki ijayo, na tofauti hiyo itakuja kujificha ndani ya namba zako.

Jaza chupa hadi nusu tu, legeza vifuniko, pika kwa presha kwenye nyuzijoto 121 kwa dakika 15. Sufuria nyingi za nyumbani hazifiki joto hilo, kwa hiyo ongeza muda uwe dakika 30 au 40. Ukizima moto, acha presha ishuke yenyewe. Ukiilazimisha, agari itachemka ghafla na kumwagika, nayo huunguza vibaya kuliko maji kwa sababu inang'ang'ania ngozi.

Sasa subiri. Wengi huharibu hapa kwa haraka. Agari ikimiminwa ikiwa moto sana, mvuke huganda kwenye vifuniko, matone yanaanguka, na tone moja linasambaza bakteria sahani nzima. Niliwahi kupoteza sahani 12 kwa siku moja kwa kosa hilo. Mimina pale unapoweza kuishika chupa kwa kiganja bila kuiachia, kwenye nyuzijoto 50 hivi. Mililita 20 kwa sahani zinatosha, na lita moja itakupa sahani karibu 50.

Mbili kati ya hizo usiziguse. Ziandike tarehe, ziweke pamoja na nyingine, uziangalie kwa siku tatu au nne. Hizo ndizo sahani zako za kwanza za kulinganishia. Zikiota kitu, tatizo liko kwenye upishi au umiminaji, na hakuna haja ya kuulaumu uyoga.

Hatua ya 2: Kuchukua kipande

Oga, au angalau nawa hadi viwiko. Zima feni, funga dirisha, vua saa na pete. Futa meza kwa spiriti. Spiriti ya asilimia 70 inaua vizuri kuliko iliyo safi kabisa, kwa kuwa maji yaliyomo huisaidia kupenya ndani ya chembe hai.

Pasua uyoga kama nilivyoeleza mwanzoni. Choma ncha ya kisu mpaka iwe nyekundu, ihesabie sekunde kumi, iguse pembeni mwa agari ikapoe. Kwenye nyama ya ndani, juu kidogo ya pale shina linapokutana na kofia, kata kipande kidogo, kisha kilaze katikati ya sahani. Kifuniko kiinuliwe upande mmoja tu, kama mtu anayechungulia mlango, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Ziba kwa mkanda.

Andika kwenye kitako cha sahani, usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, vitako havibadilishani. Andika jina la uyoga, namba ya sahani, tarehe. Fanya hivyo kwa sahani kumi, kwa sababu kadhaa zitachafuka hata ukiwa hodari. Ziweke gizani kwenye nyuzijoto 25 hivi, na baada ya siku moja, kipande kikishashika, zigeuze kichwa chini.

Kuanzia siku ya tatu ziangalie kila siku kwa kuziinua kwenye mwanga. Miseliamu ya chaza ni nyeupe, inakwenda kwa mduara, na ukingo wake ni kama pamba iliyochambuliwa. Doa la kijani, jeusi au la waridi ni ukungu mwingine. Doa linalong'aa na kuonekana majimaji kama mate ni bakteria. Sahani ya ukungu usiifungue ili kuhakikisha, wala usiinuse. Itakumwagia spora chumba kizima. Iweke kwenye mfuko, iende kuuawa.

Sahani inayoonekana safi bado siiamini. Kata kipande kutoka kwenye ukingo unaokua, upande ulio mbali kabisa na doa lolote, ukihamishie sahani mpya. Kizazi hicho cha pili ndicho cha kupimia.

Hatua ya 3: Kupima kasi

Chukua kitobozi cha milimita 6 kilichotakaswa. Kwenye ukingo wa sahani ya kizazi cha pili yenye umri wa wiki moja, toboa vidonge vya agari vyenye miseliamu juu, vyote kutoka kwenye mduara mmoja ili viwe na umri sawa. Kila kidonge kiende katikati ya sahani mpya, uso wenye miseliamu ukiangalia chini. Kwa kila kundi weka sahani tano. Tatu ni chache mno: moja ikichafuka, unabaki na mbili, na ukiwa na mbili huwezi kujua ipi inasema kweli.

Chora mistari miwili inayokatana kwenye kitako cha sahani. Kila siku, saa ile ile, weka alama pale miseliamu ilipofika kwenye kila mstari, pima vipenyo viwili, chukua wastani wake. Siku ya kwanza au ya pili usishangae ukikuta haijasogea. Inajiponya jeraha la kukatwa. Baada ya hapo huanza kwenda kwa mwendo ulio sawa, na ni mwendo huo unaopimwa.

Tuseme siku ya 3 kipenyo ni milimita 22, na siku ya 6 ni milimita 61. Tofauti ni 39. Gawanya kwa mbili kwa sababu inakua pande mbili, upate 19.5, kisha gawanya kwa siku tatu: milimita 6.5 kwa siku. Acha kupima kabla haijagusa ukuta wa sahani, maana ikifika hapo namba itaanza kudanganya. Kwa kawaida sahani hujaa ndani ya wiki moja hadi siku kumi.

Hapo ndipo unapoweza kuuliza swali. Joto la nyuzijoto 20 na 25 lipi linafaa zaidi? Mbegu ya zamani imechoka kuliko mpya? Badili kitu kimoja tu. Kila siku badilisha mpangilio wa sahani ndani ya boksi, ile ya chini iende juu, kwa sababu pembe moja ya boksi huwa na joto kuliko nyingine. Namba zote tano ziandikwe daftarini, usiandike wastani peke yake. Ukikuta 6.5, 6.4, 6.6, 6.5 na 3.1, hiyo ya mwisho ina habari. Irudie kuiangalia kabla ya kuifuta.

Hatua ya 4: Jaribio la rangi

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayodanganya watu kuliko zote.

Rangi inayotumika sana maabara ni Remazol Brilliant Blue R, ambayo pia huitwa Reactive Blue 19. Ni rangi halisi ya kutilia nguo za pamba, na umbo la molekuli yake lina pete ambazo vimeng'enya vya chaza vinaweza kuzishambulia. Pima gramu 0.2 kwa lita ya agari ya kimea, uikoroge kabla ya kupika. Vaa glavu na barakoa unapopima unga wake, kwani rangi za aina hii zinaweza kuleta mzio wa njia ya hewa. Ikiganda, sahani inakuwa ya samawati nzito, inayopendeza kuangalia.

Tayarisha makundi manne, sahani tano kila moja. La kwanza lina rangi na kidonge cha chaza hai. La pili lina rangi na kidonge cha chaza kilichouawa kwa kupikwa kwenye presha. La tatu ni rangi peke yake. La nne ni chaza hai kwenye agari isiyo na rangi.

Siku ya tatu au ya nne, kwenye kundi la kwanza, samawati itaanza kupauka pale chini ya miseliamu, kisha kupauka kutasambaa kwa umbo la duara. Pima kipenyo cha duara hilo na kipenyo cha miseliamu, siku kwa siku, uandike vyote viwili. Piga picha juu ya karatasi nyeupe, mwanga ukiwa ule ule na kamera mahali pale pale.

Sasa nieleze kwa nini makundi hayo mengine yapo. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili nilikuwa na sahani za kundi la kwanza tu. Zilipauka, nikafurahi, nikaandika ukurasa mzima kwamba uyoga umevunja rangi. Mwenzangu aliyenitangulia katika kazi hii akaja, akachukua kisu, akakwangua miseliamu na kuilaza juu ya karatasi nyeupe. Ilikuwa ya samawati. Sehemu ya rangi ilikuwa imehama tu kutoka kwenye agari kuingia kwenye nyuzi, kama kitambaa kinavyonyonya wino. Sikuweza kujua ni kiasi gani kilivunjwa na kiasi gani kilinyonywa, kwa sababu sikuwa na kitu cha kulinganishia. Kazi ya wiki mbili nikairudia tangu mwanzo.

Kundi la pili linajibu swali hilo kwa sehemu: kidonge kilichokufa hakitengenezi vimeng'enya, kwa hiyo chochote kinachopauka karibu nacho ni unyonyaji. Lakini kidonge ni kidogo na miseliamu hai inatanuka, basi fanya na kile kitendo cha kukwangua: mwishoni mwa jaribio kwangua miseliamu ya kundi la kwanza na ya kundi la nne, uzilaze pamoja. Zikiwa nyeupe zote mbili, na agari chini yake imepauka, sasa una haki ya kusema rangi imevunjwa. Kundi la tatu linakuonyesha kama rangi inafifia yenyewe kwa mwanga au kwa siku kupita. Kundi la nne linakuambia kama rangi inaupunguzia uyoga kasi: linganisha milimita kwa siku na zile za kundi la kwanza.

Ukilazimika kutumia rangi nyingine ya nguo kwa kukosa hii, ongeza jaribio moja dogo: dondoshea tone la siki kwenye sahani tupu yenye rangi, na tone la maji ya magadi kwenye nyingine. Kuna rangi zinazobadilika kwa asidi tu, na uyoga unapokua hubadilisha asidi ya agari. Rangi ikibadilika kwa tone la siki, haifai kwa kazi hii.

Kwa anayetaka kuiona lakase, kemikali iitwayo guayakoli hutumika badala ya rangi, asilimia 0.02 ndani ya agari. Panapofika kimeng'enya, agari isiyo na rangi hugeuka kahawia yenye wekundu, kinyume cha kupauka. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1928 Werner Bavendamm alitumia asidi ya taniki kuwatenga kuvu wanaoozesha mbao zikawa nyeupe na wale wanaoziozesha zikawa za kahawia, akitazama duara la kahawia linalojitokeza kuzunguka miseliamu.

Na uwe mwangalifu katika kuandika matokeo. Rangi kutoweka machoni hakumaanishi sumu imekwisha. Molekuli iliyovunjwa nusu inaweza kuwa na madhara kuliko ile nzima, na hilo linahitaji vipimo ambavyo sahani haitoi. Andika "umepausha rangi". Usiandike "umesafisha maji".

Hatua ya 5: Spora, na swali la nani anaoana na nani

Kwa mwenye hadubini. Lalisha kofia iliyokomaa juu ya karatasi ya alumini iliyofutwa kwa spiriti, vibamba (zile kuta nyembamba za upande wa chini wa kofia) vikitazama chini, ifunike kwa glasi usiku mmoja. Asubuhi utakuta picha ya vibamba kwa unga mweupe, wakati mwingine wenye zambarau hafifu. Huo unga ni spora, kila moja ikiwa na urefu wa maikromita 10 hivi.

Chukua kidogo mno kwa ncha ya sindano, koroga kwenye maji safi, punguza mara kumi, tena mara kumi, tena mara kumi, mwaga matone juu ya agari. Baada ya siku chache tafuta kwa hadubini vijinyuzi vinavyotoka kwenye spora moja moja, ukate kila kimoja na agari yake, ukipe sahani yake na namba yake.

Miseliamu ya spora moja ina kiini kimoja katika kila chembe, na haizai uyoga wa kawaida mpaka ikutane na mwenza anayelingana. Ulinganifu huamuliwa na sehemu mbili za jenomu (jumla ya vinasaba vyake) zinazoitwa A na B, na wenza lazima watofautiane kwenye zote mbili. Ndugu wa kofia moja hugawanyika katika aina nne, kwa hiyo kwa wastani jozi moja kati ya nne huoana. Ukiwa na ndugu wanane, jozi ni 28, na utarajie saba hivi zinazokubali.

Weka kila jozi kwenye sahani moja, vidonge vikiwa na sentimita mbili kati yao. Zikishagusana na kupita siku kadhaa, chukua nyuzi kutoka ukingoni, si katikati, uzitazame kwa ukuzaji wa mara 400. Waliooana wana vishikizo: kila ukuta unaotenga chembe una kijipinde kidogo pembeni, kama mpini wa kikombe, kinachopitisha kiini kimoja kwenda chembe ya jirani. Wasiooana hawana vishikizo kamili. Ukikiona kishikizo cha kwanza utakitambua, na baada ya hapo hutakikosa.

Ni kwa kazi ya namna hii, ya kutenganisha viini viwili vya uyoga mmoja wa kilimo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Umma cha Navarra, Hispania, walipata miseliamu mbili zenye kiini kimoja kila chembe, zinazoitwa PC9 na PC15. Jenomu zao zimesomwa, kila moja ikiwa na herufi za DNA kati ya milioni 34 na 36 hivi, na ziko wazi kwa mtu yeyote kuzipakua.

Kuhifadhi na kutupa

Miseliamu nzuri ihifadhi kwenye chupa ndogo za agari, nyuzijoto 4, na uihamishe kila baada ya miezi michache. Usiihamishe ovyo. Miseliamu inayohamishwa mara nyingi mno huchoka: kasi hupungua, na siku ukiitaka izae, inakataa. Andika kwenye kila chupa ni uhamisho wa ngapi. Baridi hiyo inamfaa Pleurotus ostreatus, lakini inaweza kumuua chaza wa waridi, Pleurotus djamor, na uyoga wa mabua, Volvariella volvacea, kwa hiyo usiwaweke friji moja kwa mazoea.

Kila sahani, iliyofaulu na iliyochafuka, ipikwe kwa presha dakika 30 kabla ya kutupwa. Zile zenye rangi zisimwagwe kwenye sinki. Zikaushe, zifunge, zikabidhi kwa mwenye kuhusika na taka za kemikali. Na usitupe miseliamu hai ya uyoga wa kigeni kwenye magogo ya nje. Chaza wa dhahabu, Pleurotus citrinopileatus, alipelekwa Marekani kutoka Asia ya Mashariki kwa ajili ya kilimo, na sasa anaota mwenyewe kwenye misitu ya huko, juu ya magogo ambayo zamani yalikuwa ya kuvu wengine.